Mbaraka Mwinshehe: ni nini kilimfanya awe mpiga gitaa mkubwa?

Karibu kila wiki simu ya studio yetu hupokea ujumbe wenye swali lilelile: nani alikuwa mpiga gitaa hodari kuliko wote? Vijana wa Nyakanazi na Nyakahura hutaja majina ya Wakongo. Wazee wa Rulenge, Kabanga na Biharamulo mjini hawapotezi muda. Wao humtaja Mbaraka Mwinshehe, kisha hutuomba tumpige kabla ya taarifa ya habari.

Majuzi swali hilo lilikuja kwa sura nyingine. Kijana mmoja wa wilaya ya Biharamulo alituandikia kwamba amejitengenezea gitaa la ubao na dumu, nyuzi zake ni waya wa breki za baiskeli. Babu yake alimwachia mbuzi wawili. Anataka kuwauza ili anunue gitaa la umeme na kwenda mjini kutafuta bendi. Lakini ana shaka. Vidole vyake ni vizito, na rafiki yake ambaye hujifunza naye hupiga kwa kasi mara mbili zaidi yake. Aliuliza mtu anajuaje kama atakuja kuwa mpiga gitaa mkubwa, au kama anapoteza mbuzi wake bure.

Swali la namna hiyo halijibiki hewani kwa dakika mbili. Kwa hiyo tumeamua kuandika hapa, ili kila mwenye simu asome kwa nafasi yake. Na njia nzuri ya kulijibu, kwa maoni yetu, ni kusimulia maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa sauti tu.

Mji wenye bendi mbili

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Jina lake halitenganishwi na Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, ambao wenyeji wake huuita kwa utani mji kasoro bahari.

Morogoro haikuwa mji wa muziki kwa bahati tu. Reli ya Kati ilipita pale tangu wakati wa Wajerumani, na kuzunguka mji kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Mkonge ulihitaji watu, na watu walitoka kila pembe ya nchi. Hata babu zetu wengine wa Ngara na Buha walikwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, wakakaa miaka, wakarudi na baiskeli au na hadithi. Penye watu wengi wanaolipwa mwisho wa mwezi, Jumamosi usiku lazima pawe na dansi. Na watu wasio wa kabila moja wakitaka kucheza pamoja, wanahitaji nyimbo za lugha wanayoielewa wote. Ndiyo maana muziki wa dansi uliimbwa kwa Kiswahili.

Morogoro ilikuwa na bendi mbili kubwa. Moja ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Nyingine ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alianza na kikundi cha La Paloma mwaka 1948. Tusipotoshwe na neno jazz. Enzi hizo bendi yoyote yenye magitaa, ngoma na pengine tarumbeta au saksafoni ilijiita jazz. Muziki wenyewe ulikuwa wa mchanganyiko: rumba iliyoletwa na santuri za Cuba, mapigo ya Kongo, na ngoma za nyumbani zilizokuwa damuni mwa wapigaji.

Bendi hizo mbili zilishindana kama timu za mpira. Mji uligawanyika. Ushindani huo ulikuwa shule, kwa sababu mpigaji aliyelegea Jumamosi hii aliambiwa Jumatatu sokoni. Mwezi Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari, na Juma Kilaza akaiendeleza Cuban Marimba. Katikati ya miaka hiyo ya 1960, kijana Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameingia Morogoro Jazz.

Gitaa moja kati ya mengi

Hapa tusimame kidogo tueleze bendi ya dansi inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo hatuwezi kuelewa ukubwa wa Mbaraka ulikuwa wapi.

Bendi ya dansi haina gitaa moja. Liko gitaa la besi, lenye sauti nene, linaloshika chini pamoja na ngoma. Liko gitaa la ridhim, linalorudia kitu kilekile muda mrefu bila kuchoka, kama mwanamke anayetwanga na mwenzake kinu kimoja: akikosea pigo, mchi wa mwenzake utagonga mchi wake. Na liko gitaa la solo, linalopita juu ya hayo yote, likiongea kwa nyuzi nyembamba. Mpiga solo ndiye watu humwangalia, lakini bila besi na ridhim atakuwa kama mtu anayehutubia porini.

Wimbo wa dansi wa zamani nao ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, ya maneno. Mwimbaji anasimulia: mapenzi, pesa, msiba, uchoyo wa jirani. Sehemu ya pili ni chemko. Hapo maneno hupungua, mwendo huongezeka, na gitaa la solo huchukua uwanja ili watu wacheze.

Wapiga solo wengi walisubiri chemko ndipo waonyeshe kazi. Mbaraka hakusubiri. Sikiliza nyimbo zake kwa makini, hata kwa spika ndogo ya simu. Tangu sehemu ya taratibu, gitaa liko pale linamsikiliza mwimbaji. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa linajibu kwa kifupi, kisha linanyamaza na kumpisha. Na mara nyingi mwimbaji huyo alikuwa yeye mwenyewe. Mbaraka alitunga, aliimba na alipiga solo. Watu walimpachika jina la Soloist National, mpiga solo wa taifa, na jina hilo halikutolewa na ofisi yoyote. Lilitoka ukumbini.

Kuimba na kupiga solo kwa wakati mmoja si jambo dogo. Jaribu kusimulia habari ya msiba huku unafunga kamba za mzigo kwenye baiskeli. Mikono inataka kufuata mdomo. Katika Kongo, Franco Luambo aliweza. Dr Nico Kasanda, ambaye wengi humhesabu kuwa mkali zaidi wa vidole, aliacha uimbaji kwa watu kama Tabu Ley Rochereau na yeye akaliimbisha gitaa. Njia zote mbili zimetoa magwiji. Lakini anayeimba na kupiga analijua neno kabla halijatoka, na gitaa lake linaweza kulitayarishia njia.

Kutoka Morogoro mpaka Osaka

Mwaka 1970 Japani iliandaa maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Osaka, yaliyojulikana kama Expo 70. Nchi nyingi zilijenga mabanda yao, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Bendi iliyokwenda kupiga muziki kwa niaba ya nchi yetu ilikuwa Morogoro Jazz, na Mbaraka alikuwa ndani yake.

Tufikirie umri wa mambo. Tanganyika ilikuwa imepata Uhuru miaka tisa tu nyuma. Muungano ulikuwa na miaka sita. Mjapani aliyepita kwenye banda la Tanzania, ambaye pengine hakuwa amewahi kulisikia jina la nchi yetu, alikutana na vijana wa Morogoro na magitaa yao. Hakuelewa Kiswahili. Kilichomfikia ni sauti. Waliporudi, Mbaraka aliitungia safari hiyo wimbo, nao ukabeba jina la maonyesho yenyewe.

Kuna wimbo wake mwingine maarufu uliopata jina kutokana na methali tunayoijua sote, ile ya jogoo la shamba ambalo haliwiki mjini. Methali hiyo wengi wetu tumeisikia tukiambiwa usoni, hasa sisi tunaotoka mikoa ya pembeni. Maisha ya Mbaraka yanaifanya methali hiyo iwe na mashaka. Kijana wa bendi ya mkoani, wala si ya Dar es Salaam, alisikika Osaka kabla bendi nyingi za jiji hazijavuka mpaka. Hakuhama Morogoro ili awe mkubwa. Alikuwa mkubwa, dunia ikaja kumtafuta.

Redio, betri na mitambo ya santuri

Swali ambalo vijana hutuuliza ni hili: bila intaneti, bila runinga, muziki wa Morogoro ulifikaje Ngara?

Ulifika kwa redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio ambako bendi ziliitwa kurekodi kwenye kanda, na nyimbo hizo zikapigwa nchi nzima. Serikali iliweka mkazo kwenye muziki wa nyumbani, kwa hiyo bendi ya mkoani ilikuwa na nafasi ya kusikika kila kona. Katika vijiji vingi redio ilikuwa moja kwa watu wengi. Wazee wa Ngara hutusimulia namna walivyokaa kumzunguka mwenye redio, na namna betri zilizoishiwa nguvu zilivyoanikwa juani ili zipate uhai wa wimbo mmoja zaidi.

Lakini redio haikuuza. Aliyetaka santuri aiweke kwenye gramafoni yake ilibidi atazame Kenya, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Mitambo ilikuwa Nairobi. Bendi zetu zilisafiri kwenda huko, zikarekodi, na santuri zikarudi kuuzwa kwetu na kwa majirani. Mbaraka alisikilizwa sana Kenya, na mpaka leo ukipita Mombasa au Nairobi utakuta watu wazima wanaomhesabu kuwa wao.

Na nyimbo zake hazikuwa za mapenzi pekee. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima katika mvutano uliohusu ardhi na sera ya ujamaa vijijini. Nchi ilishtuka. Mbaraka alitunga maombolezo, na watu ambao hawakuwahi kusoma gazeti waliufahamu msiba ule kupitia wimbo. Sisi tunaofanya kazi ya redio tunaliona jambo hilo kwa jicho la pekee. Taarifa ya habari hutangazwa, kesho inapitwa na nyingine. Ile iliyoingia kwenye wimbo mzuri bado inasikika baada ya miaka hamsini.

Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito. Enzi zile bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi, chama au mwenye mali aliyenunua vyombo. Mpigaji aliweza kuwa na jina kubwa nchi nzima na bado gitaa analolishika si lake. Akitoka, anatoka na vidole vyake na nguo zake. Kuanzisha bendi kulimaanisha kutafuta magitaa, vipaza sauti, gari la kusafiria na wapigaji wa kuwalipa. Umaarufu wa jana haununui dizeli ya leo.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, yaani mwendo wake wa kucheza wenye jina, na shabiki aliujua mtindo kama anavyojua rangi ya jezi. NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Western Jazz walikuwa na Saboso. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu. Super Volcano wakaja na Masika. Kwa mkulima jina hilo halihitaji tafsiri. Masika ni mvua kubwa, ile inayobeba mbegu au kuziotesha.

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, watu wa Ngara na Biharamulo kama wenzao wa mikoa mingine walikuwa wakihamia katika vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Nyumba za zamani ziliachwa, mashamba yakawa mbali. Wazee wanaotuandikia wakimkumbuka Mbaraka huwa wanakumbuka na hayo. Kwao wimbo kama Shida hauelezi mapenzi tu. Neno lenyewe lilikuwa mgeni wa kila siku.

Super Volcano ilipiga sana, ilisafiri sana na ilirekodi sana. Ukisikiliza nyimbo za kipindi hicho utagundua kwamba Mbaraka hakuongeza kasi kwa kuwa sasa yeye ndiye bosi. Mara nyingine alipunguza. Alirudia kipande kifupi cha solo mara nyingi, akibadilisha sauti moja tu kila mara, mpaka msikilizaji anaanza kuingoja sauti hiyo. Hilo ni jambo la mtu anayejiamini. Asiyejiamini hujaza kila pengo kwa hofu kwamba akinyamaza watu watamsahau.

Januari 1979

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula na kuteka ardhi yetu mpaka mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu wa kaskazini mwa mkoa walikimbia na watoto mgongoni, na wengine walifika mpaka kwa ndugu zao huku chini. Mwezi Januari 1979 vita vilikuwa vikiendelea, na kila mwenye redio aliisogeza karibu usiku na mchana, akingoja habari za wanajeshi.

Katika mwezi huo ikaja habari nyingine. Mbaraka Mwinshehe amefariki katika ajali ya gari karibu na Mombasa, nchini Kenya.

Alikuwa na umri wa miaka 34.

Alikuwa Kenya kwa kazi ya muziki, wakati ambao uhusiano wa nchi hizi mbili haukuwa mzuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya. Bidhaa zilikwama. Muziki ulipita.

Wazee wetu wanakumbuka mkanganyiko wa mwezi ule: kwamba katikati ya habari za mizinga, mtu alimlilia mpiga gitaa. Wengine waliona aibu. Ndugu zao walikuwa vitani, watakuwaje na machozi ya mwanamuziki? Lakini machozi hayafuati foleni. Aprili mwaka huo Kampala iliangushwa, na mwaka huo huo wa 1979 mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Kwa watu wa umri fulani huku kwetu, mambo hayo matatu yamefungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja: vita, jina jipya la mkoa, na kifo cha Mbaraka.

Tunaombwa pia na nafsi zetu kusema jambo moja. Salum Abdallah alifia kwenye ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka naye, mwaka 1979. Mji mmoja, wakuu wawili wa bendi zilizoshindana, wote waliondolewa na barabara. Sisi tunaoishi kandokando ya barabara ya malori kutoka Nyakanazi kwenda Rusumo tunajua habari hizo zinavyofika nyumbani. Wasanii wanaosafiri usiku wakitoka kupiga dansi, madereva wanaowabeba, na sisi tunaowataka wafike mapema kwenye sherehe zetu, tukumbuke kwamba hakuna onyesho lenye thamani ya abiria.

Alichoacha

Baada ya kifo chake, santuri zake ziliendelea kutolewa Kenya katika mfululizo uliopewa jina la Ukumbusho. Ziliuzwa na kupigwa kila mahali. Wimbo wa Shida ulizidi kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa mtunzi wake akiwa hai.

Hapa pana uchungu ambao hatutaki kuuficha kwa sifa. Tanzania ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na chini ya sheria hiyo ndipo ilipoundwa COSOTA ya kusimamia haki za wasanii. Hiyo ni miaka ishirini baada ya Mbaraka kuzikwa. Kizazi chake kilipiga, kikarekodi na kikajaza kumbi wakati ambapo mfumo wa kumlipa mtunzi kila wimbo wake unapopigwa ulikuwa bado haujasimama. Sisi watangazaji tumepata mishahara yetu kwa kucheza nyimbo za watu ambao wengi wao walikufa bila akiba. Tunalisema hili kwa sababu kijana anayetaka kuuza mbuzi anastahili kulisikia kabla hajafika mnadani.

Jibu letu kwa kijana wa mbuzi wawili

Sasa turudi kwenye swali. Ni nini humfanya mtu awe mpiga gitaa mkubwa?

Kasi siyo jibu. Kasi ni kama nguvu za mkono kwa mlimaji. Inasaidia, lakini wengi wana mikono yenye nguvu na mashamba yao ni majani matupu. Mchukue Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, mtu wa Wayeke, kabila ambalo chimbuko lake ni wafanyabiashara waliotoka Unyamwezi, jirani zetu, katika karne ya 19. Mwaka 1952 alirekodiwa katika mji ambao sasa unaitwa Likasi akiwa na gitaa lisilo la umeme. Alitumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Wimbo wake Masanga ulizunguka dunia, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani bado wanakaa chini kujifunza vidole vile viwili vilifanya nini. Kijana wetu ana vidole kumi, hata kama ni vizito.

Kifaa cha bei nacho siyo jibu. Mbaraka alipiga miaka mingi kwenye vyombo vya bendi, siyo vyake.

Tukiyatazama maisha yake tunaona mambo mengine. La kwanza ni sauti inayotambulika. Mzee wa Rulenge akisikia sauti nne za mwanzo za solo, kabla mtu hajaimba, anasema huyo ni Mbaraka. Ni kama unavyomjua mama yako kwa kikohozi chake nje ya mlango. Sauti hiyo haijifunzwi kwa kuiga. Hutokea mtu akipiga muda mrefu kile anachokisikia ndani yake.

La pili ni kusikiliza. Mbaraka alijua lini aingie na lini anyamaze. Wapiga nanga wa mkoa wetu walilijua jambo hilo kabla gitaa halijaletwa. Mpiga nanga anaposimulia habari za watawala wa zamani, nyuzi hazishindani na hadithi. Zinaibeba.

La tatu ni kuwa na kitu cha kusema. Msiba wa taifa, safari ya mbali, uchoyo, fedha, shida. Mbaraka aliyatazama maisha ya watu wa kawaida na kuyapa wimbo. Vidole bila habari ni kelele nzuri.

La nne ni kuwafanya wenzake wawe bora. Hakuna wimbo wa Mbaraka ambao ni wa Mbaraka peke yake. Ukimsikiliza vizuri, utaanza kumsikia mpiga ridhim ambaye jina lake wengi hatulijui, na utagundua kwamba bila yeye solo lisingeruka.

Na la mwisho halimo mikononi mwa mpigaji mwenyewe. Ni kubaki. Ukubwa hauamuliwi usiku wa onyesho. Unaamuliwa pale mtu aliyezaliwa baada ya wewe kufa anapotuma ujumbe redioni kuomba wimbo wako. Sisi tunaoandika haya tulizaliwa Mbaraka akiwa tayari kaburini. Bado kila Jumapili tunampiga, na kila Jumapili kuna anayetuandikia kushukuru.

Kwa hiyo, mdogo wetu, usiuze mbuzi kwanza. Chukua gitaa lako la dumu uende mahali ambapo watu wanaimba: kwaya, ngoma ya mavuno, harusi ya jirani. Omba ukae pembeni umsindikize mwimbaji mmoja. Usijaribu kumzidi. Jaribu kumbeba. Fanya hivyo msimu mzima, kutoka vuli mpaka masika. Mwombe na yule rafiki yako mwenye kasi mpige pamoja, mmoja ashike ridhim na mwingine solo, kisha mbadilishane. Mwisho wa msimu, waulize waimbaji kama wanataka uje tena. Wakikutafuta wao kabla hujawatafuta, basi hapo utauza mbuzi mmoja. Wa pili mwache azae, maana hata mpiga gitaa mkubwa hula.

Na ukipata nafasi usiku, sauti za kijiji zikitulia, weka wimbo wa Mbaraka kwenye simu yako. Usifuate vidole vyake. Hesabu ni mara ngapi alinyamaza.